Mkwe Aliyesema Amechoka

Mama Ambwene,

Nimekaa barazani kwetu hapa Tunduma, upande unaopata jua la asubuhi, na kibao chako cha chapati nimekipakata kiwe meza. Malori yamejipanga kusubiri kuvuka Zambia, kama ulivyoyaacha. Tumboni nina mshono. Usishtuke, umepona. Nataka nikueleze ulivyopatikana, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu Salome, mkwe wetu, na miaka yote wewe ndiye uliyekuwa katikati yetu.

Mila yetu unaijua kuliko mimi. Lakini mwalimu hawezi kuanza somo katikati, nivumilie. Katika ukoo wetu, kule Ileje, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Baba mkwe anakohoa kabla ya kuingia uani, mkwe anatokea mlango mwingine. Hamtaji jina, hali mbele yake, hamgusi. Siyo chuki, ni heshima kubwa mno. Salome hakuzaliwa nayo. Alitoka Mbangala kwa wakulima wa ufuta, na wewe ndiye uliyemfundisha wiki ya kwanza ya ndoa. Kwa miaka tisa sauti yake niliisikia kupitia ukutani, na maneno yake yakinifikia kupitia kinywa chako. "Salome anasema umeze dawa zako." "Salome anasema hiyo ngiri ukaionyeshe." Hata alipochaguliwa kusomea ubingwa wa upasuaji huko Mbeya, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Salome anaomba ruhusa. Mimi nimeshampa. Wewe itikia tu."

Nikaitikia. Sikujua nimeitikia nini. Nilidhani daktari akishamaliza chuo amemaliza. Kumbe baada ya shahada kuna mwaka wa utarajali, kisha kazi, kisha miaka mingine ya ubingwa, ambapo mtu ni mwanafunzi na mtumishi kwa wakati mmoja: anapasua mchana, anasoma akipata nafasi, na kwenye zamu anahesabiwa kama ukuta usiohitaji kulala.

Tangu ulipoondoka, mama, nyumba hii imekuwa na ukimya wa ajabu. Salome akija likizo anaacha chakula mezani, anagonga meza mara mbili, anatoka. Mimi nakohoa, naingia, nakula. Hakuna wa kupitishia neno. Hata pole ya msiba wako hatukuweza kupeana, mimi na yeye, ingawa nadhani sisi wawili na mumewe, Ambwene, ndio tuliokulilia zaidi.

Basi. Jumamosi moja asubuhi niliinua gunia la mahindi. Ndiyo, peke yangu. Najua ungesema nini. Ngiri ikanasa. Nieleze: utumbo hupenya penye udhaifu wa nyama za tumbo, na ukibanwa pale damu haiufikii, unaanza kufa ungali ndani yako. Mzee Hamisi jirani yetu, yule wa malori, alinipakia kwenye pikapu yake. Pale hospitali ya mjini wakaniwekea maji ya mshipani wakasema, "Mbeya, haraka." Njia nzima Hamisi alikuwa akinipigia kelele: "Mwalimu, usinifie humu! Nusu ya mji huu umeifundisha, nitawaambia nini?"

Tulifika Mbeya saa sita mchana. Nililazwa penye dharura, nyuma ya pazia. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua kupitia ukuta. Ilikuwa ikitoa amri, taratibu, bila kupanda, na watu walikuwa wakikimbia kuitii. Nilivuta shuka nikajifunika uso.

"Babu, mbona unajifunika?" muuguzi akauliza. "Hujafa bado!"

Nikasikia hatua zikija, zikasimama karibu na pazia. Halafu Salome akasema, "Zuhura, njoo umchukue huyu mgonjwa. Mimi nakabidhi." Na hatua zikaondoka.

Laiti ungeona watu walionipokea. Huyo Zuhura ni binti wa hapahapa Tunduma, baba yake anauza vitenge karibu na mpaka. Naye anasomea ubingwa. Ushungi wake ulikuwa umefungwa vizuri chini ya kofia ya upasuaji, na macho yake yalikuwa matulivu kama ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliyenipa dawa ya usingizi alikuwa kijana anayetembea kwa gongo. Aliliegemeza ukutani, akakaa kwenye kigoda kirefu kichwani kwangu, akasema, "Mwalimu, hesabu mpaka kumi." Nilifika nne. Katika hizo nne niliwaza fomu za kuchagua masomo nilizowajazisha watoto kwa miaka thelathini. Wasichana wangapi wenye akili za sayansi niliwaambia, "Wewe nenda ualimu, ni kazi nzuri kwa mama." Na yule kijana wa Ihanda mwenye mguu mfupi, nikamshauri ushonaji, kwa nia njema kabisa. Ulinikemea siku ile. Nilikuwa nimelala juu ya kitanda kile, uhai wangu umeshikwa na watu ambao mimi ningewazuia mlangoni.

Nilipozinduka, mdogo wangu Anyosisye alikuwa ameshafika na ndugu wengine. Habari walikuwa wameshaipata. "Huyo ndiye mkwe!" akasema. "Amesomea kisu, lakini mila ameikumbuka. Amekataa kumgusa baba yake!" Wakapiga makofi pale wodini mpaka wakaambiwa watoke. Nami, nisikufiche, nilivimba kichwa.

Kesho yake mchana mtu alikohoa nje ya pazia langu. Alikohoa kama ninavyokohoa mimi uani. Nikavuta shuka.

"Shikamoo, baba," akasema. Mama Ambwene, kwa miaka tisa hiyo ndiyo shikamoo ya kwanza niliyopewa moja kwa moja.

"Marahaba," nikasema.

"Baba, wananisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Sikuondoka kwa sababu ya mila. Ningekuwa nimelala, ningekupasua mwenyewe, kisha tungeomba radhi kwa wazee. Nilikuwa nimechoka."

Akanieleza. Alikuwa ameingia zamu asubuhi ya Ijumaa. Lori lilianguka, wakaletwa majeruhi, aliyetakiwa kumpokea hakutokea, akaendelea. Aliposimama mbele ya pazia langu alikuwa amelisoma jina kwenye cheti mara tatu, na mara mbili za kwanza hakulielewa, ingawa ni jina la mume wake na watoto wake. Hapo akajua. Yeye na wenzake wanaosomea ubingwa wamewekeana ahadi: atakayefika hapo aseme "nakabidhi", na mwenzake apokee bila kuuliza na bila kucheka. Waliiweka baada ya mmoja wao, kijana hodari kuliko wote, kuacha masomo akarudi kwao, hataki hata kuona koti jeupe.

Lakini ahadi ile ni yao wenyewe. Bingwa anayewafundisha haijui, na amelelewa kwa kanuni nyingine: daktari wa upasuaji hachoki. Alikuwa ameambiwa kwamba Salome ameacha mgonjwa wa dharura, na alitaka sababu, aiandike kwenye taarifa yake ya masomo.

"Nikisema ni mila," Salome akasema, "watanisamehe leo. Kesho watasema wasichana wa huku kwetu hawategemeki, mila zao zinawavuta. Nikisema nilichoka, ataniona legelege, na huenda nisiendelee. Nimeamua kusema nilichoka. Nimekuja ujue, maana atakuuliza na wewe."

Akaenda. Nililala nikitazama dari. Nilimwona binti ambaye amewekewa mlango rahisi wa kutokea, ndugu wote wakimshangilia autumie, naye amekataa. Mimi kwa maisha yangu yote nimefundisha ukweli ubaoni, na sijui kama nimewahi kuusema mahali ulipoweza kunipotezea kitu.

Bingwa alikuja siku iliyofuata, akiwa na wanafunzi wake nyuma. Mtu mzima, mpole kwa wagonjwa. "Mzee," akasema, "ni kweli kwenu mkwe haruhusiwi kumgusa baba mkwe?"

Wote wakaniangalia. Salome sikumwona, lakini nilijua yupo, kwa jinsi wenzake walivyojipanga kumkinga.

Nikamwambia: "Mila hiyo ipo, daktari, na tunaiheshimu. Lakini siyo iliyomwondoa. Amekwambia amechoka, na ni kweli. Kama kuna wa kushukuru ni mimi, kwa sababu tumbo lililokuwa mbele yake ni langu."

Basi nikamweleza, unajua mimi nikianza kueleza, ile habari ya maabara. Unaikumbuka. Nilikuwa na malaria, ukanishika shati mlangoni ukasema, "Lala, watoto hawatakufa kwa kukosa kipindi kimoja." Nikaenda. Nikashika chupa isiyo yenyewe, na mwanafunzi mmoja akaungua mkono kwa tindikali. Nilimwambia bingwa kwamba siku ile shule nzima ilinisifu kwa kuja kazini nikiwa mgonjwa, mpaka kipindi cha tatu, ajali ilipotokea. Kovu lile nimeliona juzi tu sokoni, kwenye mkono wa mama mwenye wajukuu, akinichagulia nyanya.

Bingwa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na mimi ninalo la kwangu," akasema kwa sauti ya chini. Hakulieleza. Akamgeukia msaidizi wake: "Andika amekabidhi mgonjwa ipasavyo. Halafu nileteeni orodha ya zamu, niione." Sijui kama mambo yatabadilika. Taasisi haigeuki kwa hotuba ya mgonjwa mmoja. Lakini Zuhura ameniambia orodha imeandikwa upya, na neno "nakabidhi" sasa linasemwa mbele ya bingwa mwenyewe.

Siku ya kutoa nyuzi nilimwambia muuguzi aniitie Salome. Nilikuwa nimeshazungumza na Anyosisye kwa simu, kwamba nataka mkwe mwenyewe anitoe nyuzi. Alifoka, kisha akalegea, akasema hayo yako mikononi mwa mwenye nyumba. Mkwe akakohoa nje. Sikuvuta shuka.

"Pita, mwanangu," nikasema.

Aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani, na ana mstari wa uchovu chini ya macho. Alinawa, akavaa glavu, akainama. Nimefundisha mwili wa binadamu kwa michoro miaka yote ile, mama, na sikuwahi kujua kwamba mkono unaweza kujua kiasi kile. Kila uzi ulitoka kabla sijaungojea.

Nakuahidi mambo mawili. Kila akija likizo, mezani kutakuwa na viti viwili, na nitamuuliza kwanza amelala saa ngapi kabla ya kumuuliza habari za masomo. Na mwezi ujao nitapanda Ileje, niwaeleze ndugu, mbele yake, kwamba tulimsifu kwa jambo lisilo lake, na lile alilolifanya ni kubwa zaidi. Wewe pumzika, Mama Ambwene. Kazi ya kukaa katikati yetu umeimaliza.

Alipotoa uzi wa mwisho aliniuliza kama ameniumiza. Nikamjibu mwenyewe.

Mumeo,
Baba Ambwene