Kahawa ya Kumpa Mkwe

Klaudia ndugu yangu, umeamka? Huku sufuria zinasuguliwa na bado giza. Sijalala kwa aibu.

Jana tulikwenda Muleba kumposea mjukuu wangu Mushumbusi. Mzee Karugendo, baba wa binti, hakusema ndiyo wala hapana.

Akatusindikiza mpaka garini. Injini inanguruma, Mushumbusi amekanyaga breki. Katikati ya viti nikaona kitu cha mviringo kinang'aa. Nikasema mjukuu wangu ana adabu, ameweka kikopo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mtu wa heshima! Nikazungusha kifuniko nimpe mzee.

KUMBE NI GIA. Klaudia, gia ya kuzungusha, nami nimeiweka ya kurudi nyuma! Wakati wa Mwingereza si ilikuwa fimbo ndefu, dereva wa lori la kahawa anaivuta mpaka jasho linamtoka?

Mushumbusi hajui, akaachia breki, gari likarudi nyuma shambani. Mgomba puu, na mkungu wake!

Nikasema, "Mzee, nilitaka kukupa kahawa."

 Mzee akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Akaniuliza kama nimeumia. Mgomba wake hakuutazama hata kidogo.

"Waitu, ndugu zangu, mkungu huu hatuumalizi peke yetu. Rudini Jumapili tuule, tupange na harusi."