Firigisi ya Baba

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Kware. Goti lako laendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kwa simu huwa nakuambia niko sawa kabisa, na si kweli. Nina upweke, Mama. Jengo hili limejaa watu kama siafu, lakini kila mtu na mlango wake. Wanakuambia "niaje" wakipita ngazini na hawangoji jibu.

Jumapili moja nilinunua kuku, nikampika vile unavyompika wewe. Kumbe kuku wa kula peke yako hana ladha! Nilipofika kwenye firigisi nikakwama. Kwetu hiyo ni ya baba mwenye nyumba, na tangu tumzike Baba sijaweza kuitia mdomoni. Basi nikaiweka kwenye bakuli, nikampelekea Mzee Njoroge, seremala mstaafu anayeishi peke yake chumba kinachopakana na changu. Akafunua, akanitazama, akaniuliza kama nimemaliza nyama nzuri yote ndipo nikamkumbuka. Akanirudishia bakuli na kufunga mlango. Nilitaka kulia, mwanaume mzima.

Tangu hapo hatukusalimiana. Nikawa nasikia kikohozi chake ukutani, naye bila shaka anasikia redio yangu. Nikaanza kufikiria kurudi nyumbani.

Juzi jioni akabisha hodi. Kumbe kanisani kwao alimlalamikia mama mmoja wa kutoka kwetu, akitarajia kuonewa huruma, na yule mama akamgombeza vizuri. Alisimama pale mlangoni kofia mkononi, akasema:

"Kijana, nimeambiwa ile hupewa baba. Wanangu hawajanipigia simu tangu mama yao afariki. Sikujua bado kuna mtu wa kunihesabu."

Nikamkaribisha. Kuku alikuwa ameisha zamani, tukala ugali na sukuma.

Sasa Mama, Jumapili nataka kununua kuku mwingine. Lakini kitu cha Baba sitakitoa tena bila ruhusa yako. Ukikataa nitaelewa, Mzee nitampa paja. Ukikubali, nipigie, neno moja latosha.

Nisalimie shangazi mwenye maneno mengi, na ndugu yangu mdogo anayekuangalizia ng'ombe. Na nikikuambia kwa simu kwamba niko sawa, tafadhali uniulize mara ya pili.

Ni mimi mwanao,
Wafula