Shairi Nililolitoa Motoni

Akurut,

Geuza mihogo iliyoanikwa uwanjani kabla ya saa sita. Nimevuka mpaka kwenda sokoni Busia, nitarudi jioni.

Asubuhi nililicheka shairi lako mbele ya mama, nawe ukalitupa motoni. Nimelitoa, limeungua pembeni tu. Liko chini ya sahani hii.

~~Mizani yako inachechemea.~~ Mizani utairekebisha: soma kwa sauti huku ukihesabu kwa vidole. Ila ile bahari ya shairini umeitoa redioni, dada yangu; hujawahi kuiona. Andika unachokiona.

Ubeti wa tatu, mama anapompakulia marehemu baba ugali wa unga wa wimbi, sikuucheka. Nilitoka nje nikisingizia mbuzi. Madaftari yangu yote matano hayana ubeti kama huo. Endelea kuandika, ama nitauiba niseme ni wangu.

Kaka yako,
Emojong