Ramani ya Mapaa Yetu

Jumatatu, 4 Novemba
Mtandao umeshika kabla ya saa moja, kama kawaida yake. Nimepakua video mbili za volkano. Moja imekatikia njiani. Betri ya projekta ya parokia imezeeka kuliko prefe wetu, mkuu wa shule. Darasa la sita wamecheka picha ilipozimika moto ukiwa bado hewani. Nimewaambia wacheke sasa, mtihani wa taifa hauchekeshi.

Halafu nikawafungulia ramani ya mtandaoni. Mji wetu wa Baraka, wote, kutoka juu. Darasa limelipuka. Mto Rhine wanaujua toka wadogo, lakini hakuna aliyewahi kuona paa la mama yake kutoka juu ya mawingu. Kazi ya wiki: kila mmoja atafute paa la kwao, aweke alama nyekundu, aandike jina la familia na njia ya kwenda kuchota maji. Mwenye simu aongeze picha.

Nimefurahi sana. Niandike tu, maana huwa sifurahi Jumatatu.

Jumatano, 6 Novemba
Ramani imejaa alama. Kazi nzuri kuliko zote ni ya Mapendo. Kwao ni watu wa Minembwe, juu milimani, walishuka zamani na ng'ombe wachache. Mama yake anauza maziwa, nusu ya mji inanunua kwake. Mapendo ameweka picha ya nyumba yao, mlango wa buluu, bibi amekaa kizingitini anapepeta maharage. Bibi hakujua anapigwa picha. Uso wake umetulia kabisa.

Nimejivuna. Nimechukua anwani ya ramani nikaitupa kwenye grupu kubwa la mji, lile ambalo watu wote wamo, wachuuzi, walimu, wapiga domo. Nimeandika: Tazameni kazi ya watoto wetu. Sifa zimemiminika. Prefe naye ametuma kidole gumba, yeye ambaye hata salamu hutoa kwa kipimo.

Alhamisi, 7 Novemba
Vita vya juu vimeshuka. Tangu alfajiri watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Wanasema vijiji viwili vimechomwa, na kila anayefika anataja wachomaji tofauti. Saa nne antena ya simu imenyamaza. Simu zote zimekuwa saa za mkononi.

Mapendo hakuja. Kiti chake hakuna aliyekikalia, ingawa darasa limefurika wadogo wa wanafunzi waliokimbilia shuleni. Mimi ni Mbembe wa hapa ziwani, yeye ni wa milimani, na watu wetu ndio wanaopigana. Darasani sijawahi kulifikiria hilo hata dakika moja. Leo nimelifikiria kutwa nzima na nimejichukia.

Ijumaa, 8 Novemba
Prefe ameniita bureau, ofisini kwake. Amefunga mlango. Hakupiga kelele, na hilo limenitisha zaidi.

«Madame, ile karte yako iko na majina. Iko na nyumba. Vijana banasema sasa banajua kila muntu wa juu analala wapi.»

Nimemjibu kwamba mtandao umekufa, hakuna wa kuifungua. Ameniangalia kama mwanafunzi aliyekuja bila kalamu. «Umekufa hapa. Kule muji wa Misisi uko.»

Kweli. Hapa tumefungwa macho, kwingine wote wanaona. Ramani ni yangu, nywila ni yangu, na siwezi kuigusa. Nimejipalia makaa mwenyewe. Nilitaka sifa za grupu. Niandike hivyo hivyo, sifa.

Nimekwenda hadi karibu na nyumba ya maziwa, kwao Mapendo. Vijana walikuwa wamesimama njia panda, wengine niliwafundisha. Wamenisalimia vizuri. Nimegeuka. Mwoga.

Jumamosi, 9 Novemba
Sijalala vizuri. Sijala vizuri. Nimempigia simu mtu kwa mazoea, kisha nikaikumbuka antena.

Wafanyabiashara wa Kigoma husema ukipanda mgongo wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, upande unaotazama Tanzania, laini ya ng'ambo inashika. Jirani yangu anayo moja, amenikopesha. Ameuliza ya nini. Nimesema ya kumtafuta dada. Sina dada.

Hakuna mtumbwi unaovuka leo. Wenye mitumbwi wote wanabeba wakimbizi kwenda kusini. Nimewabembeleza watatu. Wa nne amekubali kesho, baada ya misa, eti Mungu kwanza. Nilitaka kumtukana. Nimesema asante.

Najiuliza kama kina Mapendo wako ndani. Kama wamezima moto ili moshi usionekane. Bibi yule hawezi kukimbia.

Jumapili, 10 Novemba
Tumevuka ghuba kwa kasia, mashine haina mafuta. Mwenye mtumbwi anaimba nyimbo za kanisa na kila ubeti ananiuliza ninakwenda kufanya nini. Ubwari nimepanda peke yangu, viatu mkononi, tope tupu. Juu kabisa simu ikalia. Ujumbe wa siku tatu ukaingia kwa pamoja, nusu yake picha za mapigano, nusu matangazo ya watu waliopotea.

Nimefungua ramani. Ilichukua muda mrefu, paa moja baada ya jingine. Chini ya picha ya Mapendo mtu nisiyemjua alikuwa ameandika: Nyumba ya maziwa. Tunaijua.

Basi. Nikabonyeza futa. Simu ikaniuliza mara mbili kama nina hakika, kwamba kikifutwa hakirudi. Nina hakika, nina hakika. Nikafuta ramani nzima, alama zote, picha zote. Nikafuta na nakala ya kwenye simu yangu, nikihofia kizuizi cha barabarani, wanapopekua simu. Halafu nikakaa kwenye jiwe nikalia kwa sauti. Kondoo wa mtu walinitazama.

Jumatatu, 11 Novemba
Shule imefungwa. Safari hii nimefika hadi nyumba ya maziwa. Mlango hakuna. Mabati hakuna. Kuta zimesimama na mvua inanyesha sebuleni.

Mama Riziki, jirani yao, Mbembe kama mimi, alikuwa anafagia uwanja wao. Uwanja wa nyumba isiyo na paa. Nimemwuliza wako wapi, nikashindwa kumaliza swali. «Bazima», amesema, wazima wote. Alhamisi mchana yeye mwenyewe aliwavalisha vitenge vyake wasitambulike, akambeba bibi mgongoni hadi majini, akasimama hapo mpaka mtumbwi ukapotea. Mabati yaling'olewa kesho yake.

Nimemwambia yote. Ramani, grupu, Ubwari. Alisikiliza ufagio mkononi. Kisha akacheka, lakini bila furaha.

«Madame, nani Baraka hajue nyumba ya maziwa? Benye kung'oa mabati ni batoto ba hapa, balikunywa maziwa ya ile mama. We ulizani ni telefone yako njo ilibaonyesha?»

Nilitegemea nipumue. Sikupumua. Afadhali ingekuwa ramani.

Jumamosi, 16 Novemba
Antena imeamka. Watu wamepiga makelele mtaani kama timu imefunga. Nimetoa laini ya Kigoma, nikairudisha kwa mwenyewe.

Grupu la mji linauliza bei ya unga. Mtu anauza mabati, yametumika kidogo. Nimetoka kwenye grupu.

Jumanne, 19 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Tumerudi shuleni, darasa la sita ni nusu. Nimefundisha mmomonyoko wa udongo, nimetaja mifano ya mbali. Hakuna aliyeuliza habari za ramani.

Saa nane ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Mapendo. Wako Uvira, kwa binamu wa mama yake. Walifika wote, ila bibi amefariki Ijumaa. Alichoka tu, ameandika. Wanahitaji picha ya kuweka kwenye msalaba. Hawana hata moja, isipokuwa ile ya mlangoni, na hiyo aliipiga kwa simu ya kuazima ambayo sasa hajui iko wapi. «Madame, unitumie ile ya kwenye karte.»

Nimetafuta kwenye simu. Nimetafuta hata ninamojua haimo. Nimewauliza wanafunzi, prefe, hata wale wa grupu nililotoka. Hakuna aliyeihifadhi.

Nimemwandikia kwamba niliifuta, na kwa nini. Nimeandika ndefu, nikapunguza, nikaongeza pole. Imechukua muda kufika.

Amejibu: Sawa, Madame.