Vidonge kwa Siri, Sifa kwa Chupa

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nimeshindwa. Majina humu nimeyabadilisha, lakini mambo ni yenyewe.

Binti yangu Amirah ana miaka saba na anaugua selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli, unaomshika kwenye mifupa mpaka analia bila sauti, na alikuwa ndio kwanza ameanza vidonge vya kila siku vya kliniki wakati wifi yangu Zeituni, mwenye duka la nguo kule Bondo na anayempenda mtoto huyu kama wake, alipotuletea chupa ya mizizi iliyochemshwa kutoka kwa mzee anayesifiwa sana, akasema, "Hii haichanganywi na ya hospitali. Acheni vidonge, damu ipumue."

Mume wangu Badru alikubali papo hapo kwa sababu amechoka kumbeba mtoto akikimbia naye hospitalini, na mimi sikutaka kugombana na watu walionipokea vizuri, nikaitikia kwa mdomo, lakini vidonge sikuviacha, Badru akishatoka kwenda kazini nampa mtoto jikoni na kumwambia hiyo ni siri yetu, jioni baba yake anampa mizizi, na miezi imepita hivyo, Amirah anaruka kamba na wenzake, na sifa zote zimekwenda kwa chupa.

Sasa mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza, je, huenda ile mizizi ina kitu? Nimeionja, nimeinusa, nimemwuliza Zeituni ni mti gani, naye hajui. Ningependa sana kujua ni nini hasa kinachomsaidia mwanangu.

Ningeendelea kujiuliza kimya kimya, lakini juzi alikuja mama mmoja wa Nyalenda, Anyango, mteja wa Zeituni, amebeba mchele wa kunishukuru. Kijana wake Ouma ana ugonjwa huo huo. Akaniambia, "Mama Amirah, tangu nisikie habari ya mtoto wako nimeacha kumpa Ouma zile tembe. Sasa ni chupa tu." Nikapokea mchele. Nikisema kweli, ndoa yangu itakuwaje, na wifi atanitazamaje?

Naeema, Migosi

Maximilla anajibu:

Naeema, nilipofika pale unapomtaja Anyango niliiweka barua yako chini nikakupigia simu. Nilikuuliza kama umeshamwambia. Ukasema, "Nilikuwa nangoja jibu gazetini." Mtoto wa mtu hangoji gazeti.

Nashukuru ulienda kwa Anyango siku hiyo hiyo ukamwambia kweli. Mlimkuta Ouma ana homa na vidole vimevimba, mkampeleka hospitali. Ninapoandika haya bado amelazwa, lakini Anyango ananiambia homa imeshuka na ameomba chapati. Naye alikuuliza jambo moja tu njiani: "Mbona ulichukua mchele wangu?" Jibu la swali hilo mimi sitakutungia.

Sasa swali lako, ambalo silidharau, maana mama anayeuliza ni bora kuliko anayemeza kila aambiwalo. Nilimwuliza muuguzi wa kliniki ya selimundu. Alisema vidonge vile havileti nafuu mara moja, huchukua miezi, na daktari huongeza kipimo polepole. Kwa hiyo chupa iliingia nyumbani mwako wakati vidonge vinaanza kushika. Tena simuni uliniambia kwamba siku hizi mtoto anakunywa maji mengi, havui sweta asubuhi za baridi, na halali bila neti. Mchuzi ukipikwa na watu wengi, utajuaje chumvi ni ya nani? Labda mizizi ina kitu, labda haina. Watu wenye vyombo vya kupimia waipime. Binti yako asiwe ndiye kipimo, kwa sababu mti usiojulikana jina unaweza kuharibu ini na figo.

Wifi yako hana nia mbaya. Alisimulia alichokiona, na wewe ndiwe uliyemficha nusu. Ukamfundisha na mtoto kuficha, jambo ambalo litakusumbua akifika umri wa kuficha ya kwake.

Fanya hivi. Simamisha chupa leo, na siku ya kliniki ibebe umwonyeshe daktari, umwambie alikunywa kwa muda gani. Nendeni wote, Badru na Zeituni wakiwemo, waulize wenyewe maswali yao wajibiwe wakiwa wamekaa. Amirah akipata homa, usijaribu chochote nyumbani, ondoka naye kwenda hospitali. Kisha Zeituni azungukie kila aliyemsimulia, nawe ufuatane naye, maana yeye ana mdomo unaoaminika na wewe una ukweli.

Lakini kwanza ni Badru. Akirudi kutoka kazini mkalishe, umwambie, "Vidonge sikuviacha hata siku moja." Usiongeze kitu. Mwache akasirike, halafu mwite Amirah aje asikie kwamba siri imekwisha.