Maji ya Baada ya Alasiri

Kilwa Masoko
11 Februari 2024

Mwanangu Iddi,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, mkeo na watoto mu wazima huko Songea. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Wagonjwa ni masikio tu; simuni nasikia upepo badala ya sauti yako, ndiyo maana nakuandikia.

Nyonga niliyovunja uani imeunga. Yule binti wa mazoezi, Happiness, huja kuniinua kitini kama mwanafunzi aliyechelewa. "Bibi, inama mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha inuka!" Namwambia mimi ni mwalimu mstaafu, siamrishwi. Anacheka: "Leo mwalimu ni mimi, shika adabu." Mayai nakula, samaki na kunde pia. Usihangaike kuja Idi.

Mama yako.


Songea
25 Februari 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako tu, na barua yako imeipunguza. Mke wangu amecheka aliposikia unaamrishwa. Nimemsimulia ulivyokuwa ukinikalisha mezani mpaka dagaa wa mwisho waishe: "Misuli haijengwi kwa chai, Iddi!"

Ruhusa ya Idi nimeirudisha, nitakuja Julai. Mwambie Happiness asikulegezee. Na zile kandambili zilizolika soli zitupe, Mama.

Mwanao, Iddi.


Kilwa Masoko
9 Juni 2024

Mwanangu Iddi,

Salamu ni zilezile, ila leo ukiniuliza hali nitasema kweli. Si mzima, na naogopa.

Uvumilie mwandiko. Nimeanguka tena, palepale uani, njiani kwenda chooni. Zuwena jirani alinikuta chini, uso umegeukia ukuta. Mfupa haukuvunjika, nguvu ndizo zimekwisha. Sisimami.

Sasa nakuambia neno ambalo mama hamwambii mwana wa kiume. Tangu nilipovunjika nyonga naiogopa njia ya chooni kuliko kaburi. Nikaacha kunywa maji baada ya alasiri. Kisha nikaacha na ya mchana. Kisha nikaona chakula nacho kina njia yake, nikapunguza. Mayai anayonichemshia Zuwena nimewarudishia kuku. Ramadhani ilipoingia nikapata kisingizio: mgonjwa hafungi, lakini nani angemkataza bibi kizee? Na Happiness nilikwisha kumwachisha kazi kabla ya barua ile ya Februari. Yeye nilimwambia umenitafutia mtu mwingine. Wewe nikakuambia yupo.

Mimi, niliyewafundisha wasichana wa watu sayansi kimu! Nilijua mwili usiolishwa hula misuli yake, na asiyekunywa hushikwa kizunguzungu. Niliikimbia sakafu kwa njia ileile iendayo sakafuni.

Siku hizi naiona sakafu kama mtu anayenisubiri. Zuwena akitoka, nashika kitanda kwa mikono miwili. Sidhani nitafika Julai, na sitaki unizike ukidhani nilikuwa nakula. Nisamehe.

Kila barua unaandika shikamoo. Wazee walituambia maana yake ni kushika miguu. Njoo uishike hii, mwanangu. Inatetemeka.

Mama yako.


Songea
13 Juni 2024
(Ujumbe kwa simu ya Happiness, akusomee karibu na sikio)

Mama, shikamoo. Sina hasira. Jumamosi mchana nitafika. Nimempigia Happiness, hana kinyongo. Anasema mwanafunzi mtoro hurudi darasani. Ataleta kiti chenye tundu na ndoo, kikae kando ya kitanda. Huna tena safari ya uani. Kwa hiyo kunywa maji, Mama. Kunywa tu. Uji uwe na karanga. Na usisimame bila mtu.

Mwanao.


Kilwa Masoko
15 Juni 2024

Iddi,

Hujambo? Safari ilikuwaje? Nauliza hapa, maana ukifika kilio hakitanipa nafasi.

Tangu juzi nakunywa. Happiness hunishikia kikombe na kukodolea koo langu macho, asije akaibiwa fundo. Kiti cha ndoo nimekitukana, kisha nikakitumia. Leo asubuhi amenisimamisha, nimemng'ang'ania mabega mpaka akanirudisha kitandani. "Umeona, Bibi? Sakafu haijasogea." Mimi niliiona imesogea.

Sasa amenikalisha sebuleni. Yuko jikoni na Zuwena, wanabishana juu ya chumvi ya supu yako. Kifua kinanibana, na sijui kama ni hofu au ndiyo saa yangu.

Umesema nisisimame bila mtu. Lakini nikiona pikipiki iliyokuleta ikisimama mlangoni nitainuka, pua ivuke vidole. Barua hii itabaki kitini. Ukiikuta peke yake, ujue niliondoka kwa miguu yangu. Na ukinikuta chini, mwanangu, tazama uso umegeukia wapi. Mara hii utakuwa umeelekea mlangoni.

Mama yako.