Najaza Upepo kwa Siri, Baba Mkwe Anautoa Kagio

Mpendwa Shangazi Wakiuru, naandika hii nikiwa nimechoka kabisa, naomba unisaidie kabla sijaua mtoto wa mtu.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Naro Moru, bwana yangu Munene anafanya kazi Mombasa na tunamuona Krismasi, kwa hivyo nyumbani tuko mimi, watoto na baba yake, Mzee Mutahi, ambaye aliendesha lori ya kahawa huko Othaya maisha yake yote mpaka macho yakamkataa, na sasa kazi amebaki nayo kwa gari ni tairi tu, na hizo hakuna mtu anaruhusiwa kugusa. Siku za soko tunateremka Kagio na gari yetu ya Probox imejaa karoti, na unajua vile huko jua huwaka, basi tukifika mzee anapiga tairi teke, anaishika na mkono, anasema, "Imechemka hii, itatupasukia," anatoa njiti ya kiberiti, anafinya pale kwa valvu, fsss, zote nne, huku anapiga stori na wanunuzi. Jioni tunapanda kurudi kwa baridi, na asubuhi, hasa hii Julai mlima hauonekani na nyasi imeganda, naikuta gari imekaa chini kama kuku ameatamia.

Mimi si mtu wa kujibizana na baba mkwe. Nilijaribu siku moja, "Baba, labda tuwache upepo ikae," akaweka kikombe chini akaniuliza, "Wewe umeendesha lori gani?" Nikampigia Munene, akasema, "Achana na mzee, amebaki na nini kingine?" Kwa hivyo sasa naamka kabla yake, natoa pampu ya mguu nimeificha nyuma ya magunia, najaza kwa kukisia huku nasikiliza kama anakohoa, halafu tukifika Kagio anapata tairi ngumu, anashtuka, anatoa upepo kushinda juzi. Mimi najaza, yeye anatoa, na mgongo ni wangu.

Lakini hiyo si kitu. Hiyo gari ndiyo inapeleka watoto shule, wangu na wa majirani. Juzi nilichelewa kuamka, sikujaza, kulikuwa na ukungu na manyunyu, na kwa kona baada ya daraja gari ikaogelea, usukani ukakataa kunisikia, tukaishia kwa nyasi karibu na mtaro. Watoto wakacheka, ati tena, tena. Mtoto wa jirani yangu Nkirote alikuwa amegonga mdomo, damu inatoka. Nikamwambia Nkirote ati ng'ombe aliingia barabarani. Akanishukuru, Shangazi! Haki alinishukuru. Nikimwaibisha mzee nitakuwa nimemmaliza, na nikinyamaza naogopa hiyo kona kila siku. Nifanye nini?

Aliyechoka, Naro Moru

Shangazi Wakiuru anajibu:

Pole, mama. Nimesoma barua yako nikaiweka chini nikaenda kupika chai, kwa sababu nyumba ambayo kila mtu anamhurumia mwenzake mpaka watoto wanakaribia mtaro inanichosha hata mimi.

Kwanza hili la tairi. Presha hupanda gari likitembea na jua likiwaka. Ni kawaida, tairi limeundwa kuivumilia, na likipoa presha hushuka yenyewe. Ukitoa upepo likiwa moto, baridi ya Naro Moru nayo itapunguza presha iliyobaki. Na tairi lililolegea, tena chini ya magunia ya karoti, ndilo hujikunja, likapata joto zaidi, likapasuka. Mzee anaita kile kile anachokikimbia.

Na wewe je! Unajaza gizani kwa kukisia, halafu unashangaa akiyakuta matairi magumu? Yeye anadhani ni jua. Siri yako ndiyo inamzidishia hofu.

Nunua geji ya kupima upepo. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko chenye nambari za presha, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijasogea, na baridi ikishika au joto likirudi, pima tena ufuate nambari hiyo. Kagio njiti ya kiberiti ikae mfukoni.

Wa kumwambia mzee ni Munene. Ni babake. Mpigie leo umweleze habari yote ya daraja, maana ni rahisi kuwa mpole ukiwa Mombasa. Akishaongea, mpe mzee geji mkononi. Haoni nambari? Msomee, yeye aseme ni tairi lipi liongezwe. Kazi ibaki yake, ila aifanye nyumbani kukiwa na baridi.

Lakini kabla ya simu, nenda kwa Nkirote. Mwambie hakukuwa na ng'ombe. Waambie na wazazi wengine, na mpaka geji ipatikane watoto waende kwa miguu. Nkirote anaweza kukukasirikia, hata kukunyima mtoto wake, na ana haki. Alikupa kitu ambacho hakina spea.

Mzee naye akinuna, mwache anune. Mwekee chai hivyo hivyo akiwa amenuna. Atainywa.